Modemu na Laini ya Usemi

Neno modemu limefupishwa kutokana na istilahi mbili: moja ya kulibadili wimbi ili libebe taarifa, nyingine ya kuitoa taarifa hiyo katika wimbi. Hata hivyo, historia ya chombo chenyewe haianzii katika kompyuta, bali katika kinywa na sikio la binadamu. Laini ya simu iliundwa ipitishe usemi, nayo ikakatwa kwa kipimo cha usemi: mitetemo kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde. Kipimo hicho chatosha kumtambua msemaji, ingawa, kama wanafonetiki wajuavyo, hukidhoofisha kikwamizo [s] hata kikadhaniwa kuwa [f].

Mapigo ya umeme ya kompyuta, yaani sufuri na moja, hayakuweza kupita humo yalivyo. Ilibidi yageuzwe sauti. Modemu ya Bell 103, iliyotolewa na AT&T mwaka 1962, iliipa kila tarakimu mlio wake: upande uliopiga simu ulitumia mitetemo 1,070 kwa sufuri na 1,270 kwa moja, na upande uliopokea ukatumia 2,025 na 2,225. Kwa kuwa milio hiyo haikuingiliana, mashine mbili ziliweza kusema na kusikilizana kwa wakati mmoja, adabu ambayo wanadamu hawajaiweza. Kasi ilikuwa biti 300 kwa sekunde, sawa na herufi 30 hivi.

Kikwazo kikubwa zaidi hakikuwa cha kifizikia. Nchini Marekani, AT&T ilikataza vyombo vya watu wengine kuunganishwa na laini zake. Hiyo ni sababu mojawapo ya kubuniwa kwa modemu yenye vikombe vya mpira: mkono wa simu ulilazwa juu yake, na modemu ikailia simu kama mtu anayesema, bila waya wowote kugusana. Mwaka 1968, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo iliamua kesi ya Carterfone na kulibatilisha katazo hilo. Lakini kampuni ikadai kifaa cha kinga kiwekwe kati, na madai hayo yaliendelea hadi miaka ya 1970.

Kuhusu kasi, Claude Shannon alikwishaonyesha mwaka 1948 kuwa upana wa njia na makelele yake huweka kikomo kisichovukika. Kiwango cha V.34 cha mwaka 1994 kilifikia biti 28,800 kwa sekunde, na baadaye 33,600, karibu kabisa na kikomo hicho. V.90 ya mwaka 1998 ilifika 56,000 bila kukiuka kanuni ya Shannon. Vituo vya simu vilikuwa vimekwishaanza kuigeuza sauti yenyewe kuwa tarakimu, vikiipima mara 8,000 kila sekunde, na mtoa huduma ya intaneti aliunganishwa navyo moja kwa moja kwa tarakimu. Kilichobaki cha mtindo wa kale ni kipande cha waya wa shaba kutoka kituoni hadi nyumbani kwa mteja. Taarifa zilizotoka kwa mteja ziliendelea kwenda kwa kasi ya zamani.