Hoja ni Kama Nyumba



Yatazame maneno haya: “Kila Mtume wa Mwenyezi Mungu ni mkweli. Sayyidna Abubakar ni mkweli. Basi Sayyidna Abubakar ni Mtume.” Neno la kwanza ni kweli. La pili ni kweli pia, ndiyo maana akaitwa Siddiki. Lakini la tatu ni uwongo, na mwenye kuliitakidi ametoka katika dini. Imekuwaje kweli mbili zikazaa uwongo?

Jibu lake limo katika elimu ya mantiki. Aliyeitungia vitabu kwa mpango ni Myunani Aristotle, aliyekufa mwaka 322 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Vitabu vyake vikafasiriwa kwa Kiarabu zama za Bani Abbas, kisha Farabi (aliyekufa 950) na Ibn Sina (aliyekufa 1037) wakavisherehesha na kuviongeza. Wanavyuoni wengi wa sharia waliichelea elimu hii, kwani iliingia pamoja na falsafa, na ndani ya falsafa mlikuwa na mambo yanayopingana na dini.

Ndipo akatokea Imam Ghazali, mzaliwa wa Tus, Khurasani, mwaka 450 Hijria (1058). Mwaka 484 (1091) alikuwa mwalimu katika madrasa ya Nidhamia, Baghdad. Aliwarudi wanafalsafa katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, lakini mizani ya hoja hakuitupa. Mwaka 503 (1109), katika Al-Mustasfa, kitabu cha usuli za fiqhi, aliitanguliza mantiki mwanzoni.

Humo aliifananisha hoja na nyumba. Nyumba huharibika kwa njia mbili. Pengine mawe na magogo ni mazima, lakini kuta zimepinda na dari imeshuka karibu na ardhi: ila iko katika umbo. Pengine kuta zimesimama sawasawa, lakini magogo ni mabovu na matofali yanamong’onyoka: ila iko katika vifaa. Na hoja ni hivyo hivyo. Vifaa vyake ni mukadima, yaani yale maneno mawili ya kwanza. Umbo ni namna yalivyofungamanishwa. Na kinachotoka humo huitwa natija.

Hoja ya Sayyidna Abubakar imeharibika umbo. Kila Mtume ni mkweli, lakini si kila mkweli ni Mtume.

Sasa itazame hii: “Kila tajiri amependwa na Mwenyezi Mungu. Karuni alikuwa tajiri. Basi Karuni alipendwa na Mwenyezi Mungu.” Umbo lake limenyooka, mwenye kuyakubali mawili ya kwanza hana budi kulikubali la tatu. Lakini Karuni alididimizwa ardhini pamoja na nyumba yake. Ubovu uko katika kifaa, yaani neno la kwanza.

Hoja iliyo nzima ni ile iliyotimiza yote mawili: “Kinywaji hiki kinalevya. Kila kinacholevya ni haramu. Basi kinywaji hiki ni haramu.” La kwanza hujulikana kwa kujaribiwa, la pili kwa Hadithi ya Mtume (S.A.W.), na umbo halina kasoro.

Si wote walioafikiana na Ghazali. Ibn al-Salah (aliyekufa 1245) alitoa fatwa ya kuikataza mantiki, na Ibn Taymiyya (aliyekufa 1328) akaandika kuwarudi watu wake. Juu ya hayo, iliendelea kusomeshwa katika vyuo vingi vya Kiislamu.

Usidhani, ndugu yangu, kuwa haya ni ya vitabuni tu. Husemwa barazani: “Mwizi hutembea gizani. Fulani ameonekana akitembea gizani. Basi fulani ni mwizi.” Na aendaye kusali Alfajiri, yeye hutembea wapi? Kwa hoja za namna hii ndoa zimevunjika, na jirani amemhama jirani.

Basi ikikujia habari ya mtu, kagua mambo mawili. Kwanza, je, yaliyosemwa ni kweli? Sura Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha tuhakikishe habari aletayo fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Pili, hata yakiwa kweli, je, natija inatokana nayo? Isipotokana, hiyo ni dhana tu, na aya ya 12 ya sura hiyo imetutaka tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi yake ni dhambi.

Wabillahi tawfiq.