Kutoka Dunda Hadi Muhimbili: Tiba Iliyogawanywa Njiani

Mwaka 1903 huko Göttingen, Ujerumani, kilipigwa chapa kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Jina la Carl Velten ndilo lililotangulizwa, lakini sauti inayosikika ndani, kwa sehemu kubwa, ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, Bagamoyo. Mtoro alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kwao, na tangu 1900 alikuwa Berlin akiwafundisha Wajerumani Kiswahili. Anaeleza maisha ya watu wa pwani tangu mtoto yumo tumboni hadi maiti anashushwa kaburini, na katikati ya safari hiyo anakaa sana kwenye maradhi: mtu akiugua anaitwa nani, anafukizwa, anapigiwa ngoma, pepo anaulizwa jina lake na anachokitaka.

Nilikichukua kitabu hicho kama ramani. Anayetaka kujua mwili wa mtu wa pwani ulitibiwaje kabla ya dirisha la dawa na aanzie Dunda, kisha ashuke na barabara ya Dar es Salaam, kilomita 70 hivi. Mambo ambayo Mtoro aliyakuta mahali pamoja, nyumbani kwa mgonjwa, leo yametawanyika kando ya barabara hiyo, kila moja na mwenyewe.

Tuanze na namna yalivyokuwa pamoja. Mama halali, hali chakula kikashuka, kifua kinambana, miguu mizito, na hana jeraha wala homa. Mganga hakumpa chupa akamwambia aende zake. Kwanza yalikuja majani: ya kufukiza, ya kuogea, ya kunywa. Kisha mikono: kukandwa, kupakwa mafuta, kusuguliwa. Uganga ukikataa, ilikuja ngoma, nayo haikuwa ya usiku mmoja. Ndugu walikaa, wakaimba, wakaitikia, wakagharamia chano cha pepo. Pepo akipanda, mgonjwa alicheza mpaka akaanguka, na kwa kinywa chake akataja anachotaka: nguo mpya, pete, ubani, au mume aache jambo fulani.

Wasomi wengi wameiona hapo hila ya mwanamke asiye na sauti nyumbani, anayemtuma pepo amsemee. Huenda. Ila maelezo hayo yanaruka jambo lililo wazi kwa yeyote aliyewahi kukesha kwenye ngoma ya namna hiyo. Mtu aliyejikunja wiki nzima amesimama, ametoka jasho, amelia mbele za watu na hakuna aliyemcheka. Mwili wake umefanya kazi ambayo ulikuwa umekatazwa kuifanya. Hata kama huamini pepo, jasho lile ni la kweli.

Yaliyomkuta Mtoro mwenyewe yanasikitisha. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Walipofika pwani yetu mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni iliwakatalia kushuka. Akarudi Ulaya, na akafia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyetuandikia jinsi ndugu wanavyomzunguka mgonjwa kitandani alimaliza siku zake mbali na ndugu zake.

Mwaka huohuo wa 1905, kusini ya Bagamoyo, tiba na vita vilikutana. Ngarambe, karibu na Mto Rufiji, watu walikuwa wakimiminika kwa mganga Kinjekitile Ngwale kuchukua dawa. Inasimuliwa kwamba ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama. Wengine waliinywa, wengine walinyunyiziwa. Pamoja na dawa walifanya likinda, mazoezi ya kujipanga kama askari. Wajerumani walimnyonga Kinjekitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita dhidi yao vilikuwa vimekwisha kuwaka. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Risasi hazikugeuka maji kama dawa ilivyoahidi. Na kwa mtawala, tangu hapo, mganga anayekusanya watu akawa mtu wa kuchungwa.

Waingereza walipoichukua Tanganyika hawakuiacha hofu hiyo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikataza uchawi na vifaa vya uchawi, na aliyeamua kifaa kipi ni cha mganga na kipi ni cha mchawi, mara nyingi, alikuwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, aliyekaa wilayani miaka miwili mitatu. Mzizi ukiwa mkavu mfukoni ulipita. Ngoma ya usiku, watu wamekusanyika, mtu anaongea kwa sauti isiyo yake, ilikuwa shida. Mgawanyo ninaouzungumzia ulianzia hapo: jani likaanza kuonekana kitu cha maana kinachoweza kuchunguzwa, na yaliyobaki yakaitwa ushirikina.

Bagamoyo ya leo ina mahali pa ngoma, napo ni pazuri, ufukweni kabisa. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, na ngoma za makabila zikapandishwa jukwaani kuwa fahari ya taifa. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa. Vijana wanajifunza pale midundo ya nchi nzima kwa ustadi ambao sijauona kwingine. Sindimba ya Wamakonde, iliyokuwa na kazi yake katika kuwafunda vijana, inachezwa vizuri mno. Lakini mtazamaji ameketi kitini, anapiga makofi, anaondoka. Hakuna mgonjwa katikati. Siwalaumu walimu wa chuo; bila wao midundo mingi ingekuwa imekwisha. Nasema tu kwamba ngoma imepona na mgonjwa ameachwa nje ya mlango.

Mkono nilikwenda kuutafuta kusini ya mji, upande wa Mlingotini, kijiji ambacho jina lake likitajwa Dar es Salaam watu hucheka kidogo na kuuliza unakwenda kumroga nani. Niliyemfuata hana habari ya kuroga. Ni bibi anayekanda.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Kaa hapo mkekani, nyoosha mkono.”

Mafuta ya nazi aliyapasha moto kwenye kifuniko cha sufuria, akayajaribu nyuma ya kiganja chake kwanza. Kidole gumba kilianzia kwenye kifundo cha mkono wangu, kikapanda polepole kuelekea kiwiko, kikafika mahali kikasimama. Hakusugua. Aligandamiza tu na kungoja.

“Hapa pana kitu. Pumua.”

Nilikuwa sijui kama nimezuia pumzi. Akangoja tena mpaka nyama ikalegea chini ya kidole, ndipo akaendelea. Maswali yake hayakuwa ya maumivu. Aliniuliza nalala saa ngapi, nakula na nani, mama yangu yuko wapi. Mkono wake haukuniacha hata mara moja alipokuwa anauliza, na nikajikuta namjibu mambo ambayo daktari wangu hajawahi kuyasikia.

Kazi yake kubwa ni wazazi. Mama akijifungua, kwa siku 40 anakandwa, anafungwa mkaja tumboni, anapewa uji wenye pilipili manga, haachwi peke yake. Nilimuuliza kuhusu maji ya moto, kwa sababu manesi wengi wanayapiga marufuku. Hakubisha. “Zamani tulikuwa tunawaunguza,” alisema. “Sasa nakanda kwa vuguvugu. Na aliyepasuliwa simgusi tumbo, huyo ni wa hospitali.” Kauli ya mtu anayejua mpaka wa kazi yake. Wapo waganga wenye mabango makubwa barabarani ambao mpaka huo hawaujui.

Kazi ya mikono kama hiyo sasa inazungumzwa hata mbali. Huko Marekani, Bessel van der Kolk, daktari wa akili mzaliwa wa Uholanzi, alitoa mwaka 2014 kitabu kilichosomwa na mamilioni, akieleza kwamba tukio la kutisha hubaki mwilini: katika misuli, katika pumzi, katika usingizi, na kwamba maneno peke yake hayatoshi kulitoa. Anapendekeza pumzi, miondoko, mguso, midundo ya pamoja. Semina za mambo hayo sasa zinalipiwa fedha nyingi, na zimeanza kufika hata kwenye hoteli za ufukwe wetu. Sina ugomvi nazo. Nashangaa tu kwamba mgeni analipa kufundishwa kupumua hatua chache kutoka kwa bibi ambaye majirani zake wameacha kumwita.

Tuingie Dar es Salaam, maana jani lilikimbilia huko. Hospitali ya Muhimbili ina historia yake. Mizizi yake ni hospitali iliyojengwa kwa fedha za tajiri wa Kihindi, Sewa Haji, ikamalizika 1897, mwaka aliofariki. Jina lake bado liko kwenye jengo la wodi. Hospitali ilihamia Muhimbili mwaka 1956 ikiwa na jina la binti mfalme wa Uingereza, Margaret, na baada ya Uhuru ikapewa jina la mahali. Mwaka 1974 kikaanzishwa hapo kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho baadaye kikawa taasisi kamili. Wataalamu wake wamezunguka nchi wakiwasikiliza waganga, wakikusanya matawi na kupima kilichomo. Mjafari, ambao watu wa pwani wameunywa kwa homa miaka na miaka, umechunguzwa na watafiti pamoja na miti mingine chungu nzima. Mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na baraza la kuwasajili waganga likapatikana.

Hiyo ni heshima kubwa kwa jani, na ilistahili. Lakini mtafiti anapolikausha jani na kulisaga, mikono iliyolichuma, saa lilipochumwa, na watu waliokaa na mgonjwa, havimo kwenye chupa. Haviwezi kuwemo.

Mwaka 2020 korona ilipoingia, nchi nzima ilirudi kwenye nyungu. Rais Magufuli aliisifu hadharani, na baadaye hata Muhimbili kikawekwa kibanda cha kujifukizia. Majumbani sufuria zilijaa mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera, mkaratusi, kivumbasi, ndimu zilizopasuliwa. Unakaa kwenye kigoda, unafunikwa blanketi zito, unakifungua kifuniko kidogo kidogo ili mvuke usikuchome, jasho linaanza usoni kisha mgongoni. (Tukiisifu kuwa ya mababu, tukumbuke kwamba mwarobaini ulitoka India, mpera Amerika na mkaratusi Australia. Mababu walikuwa wepesi wa kupokea kuliko sisi tunaowasemea.) Mvuke hauui kirusi, na watu walikufa wakiwa wameambiwa unaua. Huo ulikuwa uongo mbaya, nao ulitokana na kuichukua nyungu kama kidonge. Nyungu inalegeza, inafungua pua, inamtuliza mtu, na inahitaji mwingine wa kushika blanketi na kuuliza kama unaona kizunguzungu. Kuipa kazi isiyo yake ni kuiaibisha.

Miaka tisa kabla, mwaka 2011, maelfu walikuwa wamekwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500. Kuna walioacha dawa zao na kufa. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini. Ninachokumbuka zaidi kwenye picha za siku zile ni watu waliowabeba wazee wao mgongoni. Kiu ile ya kushikwa na kusindikizwa ilikuwa ya kweli, hata kama kikombe hakikuwa na jibu.

Mahali ambapo vipande viliwahi kurudishwa pamoja vizuri ni Tanga. Miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijafika, madaktari wa Hospitali ya Bombo walikaa chini na waganga wa huko. Waganga walikuwa na dawa za mitishamba za kupunguza maradhi nyemelezi, madaktari walikuwa na vipimo, na wagonjwa walitembelewa majumbani mwao wakati ambapo hata ndugu waliogopa kushika kikombe chao. Hakuna aliyedai kutibu UKIMWI. Na kwa maoni yangu hilo ndilo lililoufanya ushirikiano ule uaminike.

Hesabu ya mgawanyo huo, basi, ni hii: jani lina taasisi Muhimbili, ngoma ina chuo Bagamoyo, na mkono hauna pa kwenda isipokuwa saluni, ambako bibi harusi anafanyiwa singo siku moja na kusahauliwa. Sijaona darasa la wakunga au manesi linalomwalika mkandaji mzee aonyeshe mahali pa kugandamiza na mahali pa kuacha. Taasisi ya Muhimbili iliyoweza kumfuata mganga porini kwa ajili ya gome la mjafari inaweza kumfuata bibi wa Mlingotini mkekani kwake, na wakunga wetu wanaohangaika na wazazi wenye huzuni baada ya kujifungua wangefaidika wa kwanza.

Na wewe msomaji, kama kwenu yupo mzee anayekanda, usingoje mtafiti. Nenda na daftari, keti anapopasha mafuta moto, andika majina ya majani na mahali anapoyachuma. Kisha muulize ni mgonjwa gani huwa anamkataa na kumpeleka hospitali, uliandike na hilo.