Siku kumi za kusubiri: jinsi programu zilivyoanza kupimwa kabla ya kusambazwa

Mwezi Desemba 1995, InfoMagic, kampuni iliyokuwa ikiuza programu kwenye CD, ilichukua kazi ya Debian, mfumo wa Linux wa kuendeshea kompyuta, ikiwa bado jikoni, ikaitia kwenye diski na kuiita toleo 1.0. Haikuwa imeiva. Ikabidi itangazwe kwamba lile si toleo halali, na la kweli lilipotoka Juni 1996 likaruka namba, likaitwa 1.1. Mpaka leo hakuna Debian 1.0.

Mtu wa Kenani au Kashikishi atauliza: hayo yananihusu nini? Yanamhusu. Kituo cha Kenani, wilayani Nchelenge, Zambia, kilianza kupokea Wakongo mwaka 2017, wakikimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, na Kiswahili kikazidi kusikika upande huu wa Ziwa Mweru. Huku bando hununuliwa kidogo kidogo, na fundi wa Linux si mtu wa kumkuta kila kona. Programu mbovu ikishaingia kwenye kompyuta, umeliwa.

Debian ilianzishwa na Ian Murdock, Agosti 1993. Programu zake husafirishwa kama vifurushi, na chombo cha kuvisakinisha, dpkg, hutumiwa kwa kuandika amri, si kwa kubofya. Lakini dpkg ukiipa kifurushi kinachotegemea kingine ambacho huna, hulalamika tu. Ndipo apt-get, iliyotoka na toleo 2.1 Machi 1999, ikaanza kuvitafuta vyote yenyewe. Raha hiyo ilikuwa na bei yake: kwa amri moja unaingiza makosa ya watu kumi usiowajua.

Ili kupunguza hatari hiyo, Desemba 2000 likawekwa ghala la majaribio. Kifurushi kipya huanzia Sid, ghala lililopewa jina la yule mtoto mvunja midoli wa filamu ya Toy Story. Kwa utaratibu ule, kikikaa huko siku 10, au 5, au 2 kikiwa cha dharura, bila kuonekana na hitilafu kubwa mpya, huhamia ghala la majaribio, ambalo baadaye hufungwa, husafishwa na kutolewa kama toleo thabiti. Siku zenyewe hazipimi kitu. Wanaopima ni watu wanaokubali kutumia kibichi. Mwaka 2005 Lars Wirzenius akaleta piuparts, ambayo husakinisha kifurushi mahali patupu, hukiondoa, kisha hukagua kimeacha nini nyuma. Wengi hupima kuingia tu, kutoka hawakupimi.

Mtihani wenyewe ulikuja Machi 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya zaidi ya miaka 2 ya kujijengea imani, alificha mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalipita Sid yakafika ghala la majaribio. Siku za kusubiri hazikuyanasa. Aliyeyanasa ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kasi ya hifadhidata, akashangaa kuona kuingia kwa SSH, njia ya kufikia kompyuta ya mbali, kunachelewa nusu sekunde. Toleo thabiti la Debian halikuguswa.

Kwetu kuna adui mwingine, umeme. Mwaka huohuo wa 2024 ukame ulishusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, na Zambia ikakaa gizani saa nyingi kila siku. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, usifute kitu. Ukirudi, andika dpkg --configure -a. Itamalizia kusanidi vifurushi vilivyokwisha kufunguliwa, kwani hali ya kila kifurushi imeandikwa kwenye faili la /var/lib/dpkg/status.

Na kabla ya kuchoma bando, andika apt-get -s install pamoja na jina la programu. Hiyo -s huifanya iigize tu: utaona kinachoingia na kinachoondolewa, bila chochote kuguswa. Ikitaka kuondoa usichokifahamu, achana nayo. Kompyuta ya shule au zahanati ibaki na toleo thabiti. Sid waachieni wenye bando la kuchezea.