Umewekewa kipandikizi cha uume? Usimfiche mkeo

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilitangaza kuwafanyia wanaume upasuaji wa kuwekewa vipandikizi vya uume. Vijiweni Tandika na Mbagala swali ni moja: ukitoka hapo unarudi kuwa kijana?

Uume utasimama, ndiyo. Mengine ni kazi ya kichwa na ya watu wawili.

Kipandikizi kinaleta ugumu tu. Hakiongezi hamu wala urefu. Wengine wanaona kama umepungua kidogo, na kichwa cha uume hakijai kama zamani. Hisia na kufika kileleni kwa kawaida hubaki kama vilivyokuwa. Asiyeambiwa haya mapema anaweza kuvunjika moyo wakati daktari anaona kazi imeenda vizuri. Na hakuna kurudi nyuma: kikitolewa, usitegemee uume kusimama wenyewe.

Tendo husubiri kama wiki 4 hadi 6. Kuna kipandikizi cha kupinda kwa mkono, na kuna cha pampu ndogo inayokaa kwenye mfuko wa korodani. Hiyo pampu inataka mazoezi. Sasa wewe uliyepanga chumba kimoja na watoto wanne, faragha unaitoa wapi?

Mwenzako naye ana yake. Pengine mmekaa miaka hamjagusana, ulikuwa unachelewa kurudi makusudi, yeye akajua una mchepuko. Leo unarudi na nguvu mpya, anajiuliza: za nani hizi? Kama amefikia umri wa kukoma hedhi, ukavu unaweza kumuumiza, atahitaji kilainishi na muda. Ndiyo maana nendeni wote kliniki kabla ya kisu, auone, aulize. Kumficha ni kujitafutia kesi.

Jambo jingine: kama alfajiri uume unasimama vizuri ila ukiwa na mama watoto unalala, huenda tatizo ni hofu au ugomvi wa ndani. Hapo anza na mshauri. Kipandikizi huja mwisho, baada ya vidonge na sindano kushindwa.

Wakazi wa Temeke wanaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, wapimwe sukari na presha kwanza. Kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari ya maambukizi. Ukishafanyiwa upasuaji ukaona homa, usaha au maumivu yanazidi, rudi hospitali siku hiyohiyo.