Siku ya Baharini, Kilwa

Siku ya baharini ni matembezi ya kutwa nzima kwa chombo katika maji ya Kilwa, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania. Huanzia Kilwa Masoko, hupita Kilwa Kisiwani na kisiwa cha Sanje ya Kati hadi Songo Mnara, na kwa kawaida hurudi kabla ya magharibi. Wasafiri ni wa namna nyingi: wanafunzi walioletwa kuona magofu, familia za Dar es Salaam zilizokuja mapumzikoni, wageni kutoka nje, na abiria wa meli za kitalii ambazo mara moja moja hutia nanga karibu na Kisiwani na kushusha watu kwa boti ndogo. Wote huja kupumzika. Lakini mapumziko haya hufanyika juu ya njia ya biashara iliyotumika kwa karne nyingi, na majengo ya kale yalijengwa yaangalie maji. Anayeyafikia taratibu, kwa tanga, huyaelewa kuliko anayeletwa mbio kwa boti ya mashine, akapiga picha na kurudi.

Upepo na maji

Mwenye amri ya siku hii ni maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa takriban kila saa 24 na dakika 50, kwa hiyo saa ya kuondoka leo si ya kesho. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kwenye maji mafu hupungua sana. Nahodha mzoefu humwuliza mgeni anataka kwenda wapi, kisha humtajia saa ya kuwa ufukweni, na saa hiyo haina mjadala. Akichelewa, mahali pa kushukia Songo Mnara patakuwa tope tupu.

Kusi huvuma kuanzia Aprili, hupata nguvu Juni na Julai, na mawimbi yake si ya mtu anayetaka kulala kidogo mchana. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi, na joto lake. Kwa kustarehe hakuna kipindi kinachoishinda demani, kati ya Septemba na Novemba, kusi inapokuwa imelegea na maji kung'aa hadi chini. Ndicho pia kipindi ambacho nyangumi wenye nundu bado wanapita nje ya visiwa. Huanza kuonekana tangu Julai. Siku yoyote ile, asubuhi na mapema ndiyo bora, kwa sababu umande huvuma kutoka bara na kusukuma chombo nje bila taabu.

Chombo kinachofaa ni mashua, ingawa nyingi siku hizi zimefungwa mashine tezini. Kutweka tanga ni kazi inayostahili kutazamwa. Mabaharia wawili watatu hushika henza na kuivuta kwa kupokezana, foromali ikipanda mlingotini kwa mikono yao, kitambaa kikipigapiga juu ya vichwa vya abiria. Kamba ya tanga hukazwa, tanga hujaa, chombo hulala kidogo upande mmoja. Mashine ikizimwa, kinachosikika ni maji yanayopita ubavuni. Asiyezoea, bahari humlevya. Akae katikati ya chombo, mahali panapoyumba kidogo, na atazame mbali.

Kisiwani

Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni kilomita 2 hivi. La kwanza kuonekana ni Gereza, ngome iliyo ufukweni kabisa. Wareno walijenga ngome hapo baada ya kamanda wao Francisco de Almeida kuuteka mji Julai 1505, wakaiacha 1512. Sehemu kubwa ya kuta za leo ni ya zama za Waomani. Nyuma yake kuna Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11 au 12, na ukumbi wa nguzo na kuba ukaongezwa karne ya 14.

Wageni wengi hushuka hapo moja kwa moja. Ni afadhali kwanza kumwomba nahodha aelekee mashariki, apite chini ya genge lenye Husuni Kubwa, kasri ambalo Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alilijenga mwanzoni mwa karne ya 14. Lina vyumba zaidi ya 100, nyua, na bwawa la pembe nane, na ngazi zake hushuka hadi ufukweni. Ukiwa nchi kavu ni gofu kubwa linalochosha miguu. Ukiwa majini unaona lilivyokusudiwa: kila chombo kilichoingia Kilwa kilipita mbele ya macho ya mwenye nyumba. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331 kwa tanga kutoka Mombasa, akamkuta sultani huyo na kuusifu ukarimu wake. Utajiri ulitokana hasa na dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala, na sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa zimeokotwa Zimbabwe Kuu na hata visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Songo Mnara

Mlango wa kwenda Songo Mnara hupita kati ya visiwa na mikoko, na maji huwa shwari hata nje kukichafuka. Hii ndiyo sehemu ya safari ambapo watu huacha kuongea. Chombo hakifiki nchi kavu; msafiri hukunja suruali au kupandisha kanga na kuvuka mikoko kwa miguu. Mji ulikaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Nyumba zake za mawe ya matumbawe zingali na milango ya matao, mabaraza na vidaka, na mtu anaweza kutembea kutoka ukumbi hadi chumba cha ndani akajua walikokaa wageni na walikolala wenyeji. UNESCO iliyaandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa Urithi wa Dunia 1981, ikayatia katika orodha ya yaliyo hatarini 2004 na kuyatoa 2014 baada ya ukarabati. Mawimbi na mmomonyoko bado ni adui; kupanda juu ya kuta ni kusaidia adui huyo.

Chakula na mahitaji

Kibali hupatikana Masoko kabla ya kuvuka. Magofu yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Chakula kiagizwe mapema kwa wanakijiji, kwa kuwa kisiwani kuna watu wanaoishi na kuvua, na haki ni wao wanufaike kwanza. Changu huchanjwa, hupakwa chumvi, ndimu na pilipili, akachomwa juu ya makaa ya vifuu na kuliwa na wali wa nazi. Maji ya kunywa, kofia na jaketi la kuokolea ni lazima.

Kilwa Kivinje na Songo Songo haziingii katika siku hii. Songo Songo, kisiwa cha gesi asilia, kiko mbali kaskazini. Kivinje kuna ufuko wa kina kifupi, na mashua inayokawia hapo hukwama topeni mpaka maji yajae tena.