Mshairi wa Pate na Moyo Wake

Katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, palikuwa na mji uliosifika pwani nzima kwa utajiri wake. Wenyeji walifanya biashara ng'ambo ya bahari. Nyumba zao zilikuwa za mawe, na katika vidaka vya kuta waliweka vyombo vya Kichina. Kisha zikaja fitina na vita, na yapata mwaka 1812 watu wa Pate, pamoja na wenzi wao wa Mombasa, walishindwa na watu wa Lamu huko Shela. Tangu hapo mji haukupata tena nguvu zake za kale.

Katika zama hizo za kuanguka aliishi Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Maana ya jina hilo ni kufunuliwa, kama mtu aondolewaye kitambaa machoni. Mmisionari W. E. Taylor wa Mombasa aliushughulikia utungo huo, na kazi yake ilichapwa mwaka 1915 katika kitabu cha Stigand; mwaka 1939 Hichens aliutoa tena huko London.

Wengi waliousoma hukumbuka magofu yake: popo darini, utando wa buibui, magugu uani, na mabwana waliotembea kwa maringo sasa wamelala mwanandani. Lakini tukiangalia mshairi asema na nani, twaona neno kubwa zaidi. Hawakemei watu wa Pate kwa kiburi chao. Auambia moyo wake mwenyewe, auuliza mbona hauamki. Naye alikuwa sharifu, mtu wa ukoo uheshimiwao, tena mwenye elimu; lakini hajitengi na wafao. Makaburi ya matajiri kwake si hukumu juu yao, bali ni kioo cha kujitazama.

Sisi walimu huitwa mara nyingi makaburini. Twasimama penye udongo mbichi, twawaambia wafiwa ya kuwa kila mtu atakufa, kisha twarudi nyumbani tukiwaza kama maneno yetu yalipendeza. Tumefanya hivyo, nasi twaona haya kuyaandika. Kumbe majivuno hujificha hata katika mahubiri ya mauti! Mshairi huyu alikuwa Mwislamu, nasi tu Wakristo. Lakini katika jambo hili ametutangulia. Basi tukiitwa tena mazikoni, na tuuambie moyo wetu kwanza, ndipo tufumbue kinywa mbele ya watu.