Akiba ya data: Jinsi ofisi ndogo za Kitui na Makueni zinavyoweza kujikinga

CHAMA cha akiba na mikopo, zahanati, shule au duka la jumla lenye tarakilishi nne au tano mjini Kitui, Mwingi, Wote au Makindu huwa limezitwika mashine hizo kila kitu: hesabu za wanachama, mishahara, rekodi za ushuru na kadi za wagonjwa. Mashine ikiharibika hununuliwa nyingine. Rekodi za miaka 10 hazina duka.

Hatari zenyewe si ngeni. Kenya karibu nzima iliingia gizani mnamo Agosti 25, 2023, na hali hiyo ikajirudia Novemba na Desemba mwaka uo huo. Umeme unapokatika ghafla, faili iliyokuwa ikiandikwa huweza kuharibika. Kuna pia radi za msimu wa mvua, vumbi na joto la nyanda za chini kama Kibwezi, bila kusahau wezi.

Isitoshe, tarakilishi zilizounganishwa huambukizana. Mnamo Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kuruka kutoka mashine hadi mashine kupitia mtandao, kikifunga faili na kudai fidia.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataja uwezo wa kurejesha habari za watu kwa wakati baada ya ajali miongoni mwa hatua ambazo mwenye kuzihifadhi anapaswa kuzizingatia. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 nayo humtaka mlipa ushuru kuhifadhi stakabadhi kwa miaka mitano.

Kanuni ya tatu, mbili, moja

Wataalamu hufuata kanuni nyepesi: kuwe na nakala tatu za kila faili, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yazo ikae nje ya jengo.

Nakala ya kwanza ni ile inayotumika kila siku. Ya pili huwekwa katika mashine moja ya ofisi iliyotengewa kazi hiyo pekee. Ni heri mashine hiyo iwe ndiyo inayozifuata tarakilishi nyingine na kuchukua faili, badala ya kila tarakilishi kuwa na ruhusa ya kuandika ndani yake. Hivyo kirusi kilichomwingilia karani hakitapata mlango wa kuifikia akiba. Programu isiyolipiwa ya BackupPC, iliyotolewa mara ya kwanza 2001, hufanya kazi kwa njia hiyo. Fauka ya hayo, faili inayofanana katika mashine tano huihifadhi mara moja tu.

Saa ya kunakili ichaguliwe kwa busara. Aghalabu programu hupangiwa usiku wa manane, ilhali ofisi nyingi huzima kila kitu jioni. Saa saba mchana, wafanyakazi wakiwa kwenye chakula, yafaa zaidi.

Nakala ya nje

Kutuma data kwa intaneti kuna gharama ya muda. Gigabaiti 500 zikipakiwa kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku nne. Kupitia kebo ya ofisi hadi diski ya nje, kazi hiyo huweza kumalizika kwa takriban saa moja na nusu. Aidha, Mei 2024 intaneti ilizorota nchini baada ya nyaya za baharini za EASSy na Seacom kukatika.

Kwa hiyo, shirika lenye ofisi Kitui na Wote linaweza kutumia diski mbili zinazobadilishana zamu kila wiki, ya Kitui ikilala Wote na ya Wote ikilala Kitui. Diski hizo zifungwe kwa neno la siri, nalo neno lihifadhiwe mbali nazo. Mabadiliko madogo ya kila siku ndiyo yatumwe kwa intaneti.

Yasiyo akiba

Diski pacha ndani ya seva moja si akiba: faili ikifutwa katika moja, hufutika katika nyingine papo hapo. Vivyo hivyo, folda inayojilinganisha yenyewe na intaneti hunakili kosa pamoja na kazi, isipokuwa iwe inahifadhi matoleo ya awali. Diski iliyoachwa imechomekwa kutwa kucha nayo hufungwa na kirusi pamoja na tarakilishi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya tarakilishi huoza, tena kimyakimya: diski huchakaa, ratiba husimama, neno la siri husahaulika mwenye kulijua akihama kazi. Kila mwezi faili moja irejeshwe na kufunguliwa. Kila mwaka mashine nzima irejeshwe, na jina la aliyefanya jaribio liandikwe daftarini pamoja na tarehe. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu.